Kompyuta Isiyozimwa

Seva ya nyumbani ni kompyuta ya kawaida iliyopewa kazi ya kukaa macho usiku na mchana. Haihitaji kioo wala kibodi. Inahitaji umeme, waya wa mtandao na mahali pasipo joto kali. Kompyuta mpakato ya zamani iliyopasuka kioo inaifanya kazi hiyo vizuri sana, na betri yake ikiwa bado nzima, huivusha pale umeme unapokatika kwa muda mfupi. Wengine hutumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, ambayo hula wati chache tu. Udhaifu wake ni kadi ya kumbukumbu: umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, inaweza kuharibika, kwa hiyo diski ya SSD na betri ya akiba ni matumizi ya fedha yasiyo na majuto.

Ndani ya seva familia huweka picha, nyaraka, filamu, rekodi za kamera za ulinzi na programu ya kuendesha vifaa vya nyumba. Bando likiisha, picha za harusi zinaendelea kuonekana kwenye televisheni ya sebuleni, kwa kuwa njia kati ya seva na televisheni hupita kwenye ruta bila kutoka nje ya nyumba.

Kuhusu vifaa vya kujiendesha, watu huanza na taa, lakini faida ya kweli iko kwenye pampu ya maji. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam maji ya bomba hujaza tangi la chini, kisha pampu huyapandisha tangi la juu. Pampu ikisahauliwa, maji humwagika juu ya paa. Tangi la chini likikauka pampu ikiwa bado inazunguka, pampu huharibika. Home Assistant, programu ya bure iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, inaweza kupewa masharti: tangi la juu likishuka chini ya robo na la chini lina maji, pampu iwake, nusu saa ikipita tangi halijajaa, izime na simu ya mwenye nyumba ipate ujumbe. Ila swichi janja ya ampea 10 inayopokea amri za programu hiyo isiachiwe kuubeba mzigo wa pampu peke yake. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake, vyuma vya ndani ya swichi huyeyuka vikagandana, na pampu hukataa kuzimika. Fundi umeme huweka katikati kontakta, swichi kubwa ya kubeba mzigo huo, na swichi ya boya ndani ya tangi hubaki palepale, kwa sababu kompyuta nayo hukwama.

Kila kifaa cha namna hii ni kompyuta, na kila kompyuta ni mlango. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikitafuta kamera, vinasa vya kamera na ruta. Haikuhitaji ufundi mkubwa: ilijaribu majina na nywila za kiwandani zipatazo 60, kama “admin” kwa “admin”, na vifaa vingi mno vikafunguka. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa viliishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa Twitter na Netflix hazikupatikana kwa watu wengi. Liberia nayo ilipigwa, mtandao wa simu wa Lonestar ukaelemewa. Wenye kamera hawakuona dalili, maana picha ziliendelea kuja kama kawaida. Kuzima na kuwasha kamera kuliifuta Mirai, lakini nywila isipobadilishwa kamera ilitekwa upya baada ya dakika chache.

Tangu Aprili 2024 sheria ya Uingereza imepiga marufuku vifaa vya nyumbani vinavyouzwa nchini humo kuja na nywila moja kwa wote. Lakini anayenunua kamera Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, hana budi kujilinda mwenyewe, na pa kuanzia ni ruta. Anwani ya ukurasa wake wa mipangilio imeandikwa kwenye lebo ya chini, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta ina nywila mbili: ya Wi-Fi na ya kuingilia kwenye ukurasa huo. Wengi hubadilisha ya kwanza wakaiacha ya pili, ilhali ya pili ndiyo inayotawala kila kitu. Katika ukurasa huohuo huduma ya UPnP izimwe, kwa kuwa huruhusu kifaa kujifungulia njia ya nje bila kumwuliza mtu. Simu za wageni na vifaa visivyoihitaji seva viwekwe kwenye mtandao wa wageni. Kamera zinazorekodi kwenye seva hubaki mtandao wa ndani, lakini zizuiwe kutoka nje ikiwa ruta ina uwezo huo.

Anayetaka kuiona seva akiwa safarini asiifungue moja kwa moja kwa intaneti. Januari 2022 wahalifu waliojiita DeadBolt walifunga mafaili kwenye vifaa vya hifadhi vya kampuni ya QNAP vilivyoachwa wazi hivyo, wakadai malipo ya bitcoin. Njia salama ni VPN, yaani njia iliyofungwa kati ya simu na nyumbani, kwa mfano WireGuard: simu hupata ufunguo wake, na asiye nao seva haimjibu neno.

Hata hivyo diski hufa na nyumba huibiwa. Nakala rudufu moja ikae kwenye diski ya nje inayochomolewa kila kazi ikiisha, kwani programu ya wahalifu hufunga na diski zilizochomekwa. Nyingine, iliyofungwa kwa nywila, ikae nyumba tofauti, kwa shangazi au kaka. Kila baada ya miezi michache diski hiyo ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, picha moja ya zamani itafutwe, ifunguliwe na itazamwe hadi pembeni kama imetimia.