Je, Wajua? Joto la Umeme kwa Nyumba Isiyo na Gesi

Sogea hapa kwenye benchi, ndugu msomaji, leo tunagawa joto! Una mdogo wako aliyehamia Aberdeen, shemeji aliyeko Oslo, au wewe mwenyewe umeshapata viza na unaisubiri baridi ya Januari? Basi shika haya, maana huko zipo nyumba zisizo na bomba la gesi, ambazo joto lake lote hutoka kwenye umeme.

Je, wajua kwamba Uingereza, nchi iliyotandaza mabomba ya gesi karibu kila mtaa, bado ina takriban nyumba 1 kati ya kila 7 isiyoungwa kwenye bomba? Usidhani ni vijijini na visiwani Uskoti peke yake. Hata London utayakuta maghorofa marefu ambamo gesi hairuhusiwi kupanda ngazi.

Sababu mojawapo ni hii. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968, mama mmoja wa ghorofa ya 18 katika jengo la Ronan Point, mashariki mwa London, aliwasha kiberiti achemshe chai. Gesi iliyokuwa imevuja ikalipuka, na kona nzima ya jengo lile la ghorofa 22 ikaporomoka. Watu 4 walikufa, yeye akapona! Wapangaji walikuwa wameanza kuhamia miezi 2 tu kabla. Baadaye gesi ikaondolewa kwenye maghorofa mengi ya aina ile, umeme ukashika zamu.

Haya, twende dukani. Hita ya feni ya pauni 20 na rejeta maridadi ya pauni 300, zote zikiwa za wati 2,000, zinatoa joto lile lile. Lile lile, nakwambia! Uniti 1 ya umeme ikiingia, uniti 1 ya joto inatoka, na hakuna fundi duniani awezaye kukutolea zaidi kwenye waya unaowaka. Tofauti ya bei ni ya sura, ukimya na swichi.

Na ile rejeta ya mafuta? Mafuta yake hayaungui, hayapungui wala hayaongezwi. Yalifungiwa ndani kiwandani, na kazi yake ni kukaa na moto wa umeme yautoe polepole hata ukishazima.

Anayestahili shukrani hapa ni James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 alipima akaona jambo la ajabu: ukiongeza mkondo wa umeme mara 2 kwenye waya ule ule, joto linapanda mara 4. Mkondo mara 3? Joto mara 9!

Na waya wenyewe? Ni nikromu: nikeli sehemu 80, kromi sehemu 20. Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906, na mpaka leo unaweza kuwaka mwekundu maelfu ya mara bila kukatika, wala hauyeyuki mpaka ufike karibu nyuzi 1,400. Kikausha nywele chako kina waya wa ukoo huo huo. Tosta ya mkate nayo vile vile.

Sasa tazama nguvu unayoichezea. Uniti 1, ile unayoinunua kwa LUKU au kwa tokeni, ingeweza kuinua mzigo wa tani 1 hadi mita 367 juu. Hita ya wati 2,000 inaimeza kwa nusu saa!

Subiri kwanza, usiondoke, maana utamu unaanza hapa. Je, wajua kwamba ipo mashine inayokula uniti 1 ya umeme na kukupa uniti 3 za joto, siku nyingine hata 4? Hakuna mazingaombwe. Inaitwa pampu ya joto, na uniti zile za ziada inaziokota nje ya nyumba, hewani au ardhini, bure.

Mashine hiyo unaijua tayari. Iko Dar es Salaam, Mombasa, Muskat na Dubai, imening'inia ukutani, tunaiita AC. Pita nyuma ya jengo siku ya jua kali, weka kiganja mbele ya lile boksi la nje: upepo wa moto! Hilo ni joto la chumbani limetupwa nje. Huko Oslo wameigeuza tu, joto linachukuliwa nje linaletwa ndani, na boksi la nje ndilo linalotoa upepo wa baridi.

Utaniuliza: joto gani liko nje kwenye theluji? Lipo, tena tele. Baridi ya mwisho kabisa, ambapo joto huisha, ni nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa hiyo hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri, ile inayokugandisha ndevu, bado iko nyuzi 258 juu ya kikomo hicho!

Na hulitoaje? Ndani ya mabomba inazunguka gesi maalumu. Mojawapo ni propani, ndugu wa karibu wa gesi ya mtungi jikoni kwako, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa propani, hewa ya Januari ya Norwe ni moto wa kutosha kuichemsha. Mvuke wake ukishindiliwa na kompresa unapanda joto, na joto hilo ndilo unaloliota sebuleni.

Baridi ikizidi sana, faida hupungua: badala ya uniti 3 utapata 2. Lakini 2 kwa 1, nani anakataa?

Je, wajua ni nchi gani za Ulaya zimezikumbatia zaidi pampu hizi? Ungedhani Italia au Uhispania, kwenye jua. La hasha! Zinazoongoza kwa wingi wa pampu kwa kila kaya ni Norwe, Uswidi na Ufini, kule kule kwenye theluji. Norwe imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2020 ni marufuku kuchoma mafuta ya taa au dizeli kupasha nyumba joto, na sehemu kubwa ya umeme wake inatoka kwenye maji.

Wazo si jipya hata kidogo. Mwanasayansi Lord Kelvin alilieleza mwaka 1852, kabla hata balbu haijaingia majumbani. Ukumbi wa mji wa Zurich, Uswisi, ulifungiwa pampu ya joto mwaka 1938, ikalivuta joto kutoka mto Limmat unaopita chini ya madirisha yake. Mashine ile ilifanya kazi zaidi ya miaka 60! Friji yako ina miaka mingapi?

Shika na hii ya Norwe. Mji wa Drammen unavuta maji ya bahari yenye nyuzi 8 hivi, yale ambayo ukijitosa utapiga kelele, na kutoka humo unapata maji ya moto ya nyuzi 90 yanayosambazwa kwa mabomba hadi majengo ya mjini. Helsinki nao, chini ya bustani ya Katri Vala, wanavuna joto kwenye maji taka yaliyosafishwa. Maji ya kuogea ya jana yanapasha nyumba za leo.

Wewe mwenyewe je? Ukikaa kitako bila kufanya lolote, mwili wako unatoa karibu wati 100 za joto. Wageni 20 sebuleni ni hita ya wati 2,000! Ndiyo maana kule Stockholm joto la abiria wanaojazana stesheni kuu hukusanywa na kupelekwa kwenye jengo la ofisi la jirani.

Sasa njoo kwenye ile hita nene ya ukutani utakayoikuta katika fleti nyingi za Uingereza zisizo na gesi. Ifungue (fundi aifungue, si wewe!) utakuta imejaa matofali mazito, na hita iliyo kubwa huzidi kilo 100. Usiku umeme ukiwa rahisi, matofali yale hupashwa hadi karibu nyuzi 600, kisha mchana kutwa yanatema joto taratibu. Mpango wa bei hizo za usiku, Economy 7, ulianza mwaka 1978, na ile 7 ni saa 7 za umeme nafuu.

Hapa wageni wengi huumia, kwa hiyo nisikilize vizuri. Juu ya hita hiyo kuna vitufe viwili: kimoja cha kuingiza joto usiku, kingine cha kulitoa. Ukiacha cha kutoa wazi unapolala, matofali yanamwaga joto ukiwa ndani ya blanketi, na jioni ya kesho, unaporudi kutoka kazini, hita ni ya baridi. Kifunge usiku, kifungue jioni!

Je, wajua nguvu ya nyuzi 1 tu ya baridi? Ufaransa, baada ya kujenga mitambo ya nyuklia kwa kasi tangu miaka ya 1970, iliwahimiza watu waweke hita za umeme majumbani. Leo, kipimajoto kikishuka nyuzi 1 wakati wa baridi, nchi ile inahitaji takriban megawati 2,400 za ziada. Sasa linganisha: Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, mitambo yake yote 9 ikizunguka, linatoa megawati 2,115. Nyuzi 1 ya Ufaransa inalimeza bwawa lote na kuomba nyongeza! Mwezi Februari 2012, baridi ilipokaza, matumizi ya nchi nzima yalivuka megawati 100,000.

Quebec, Canada, nyumba nyingi zinategemea umeme wa maji kwa joto, zikiwemo za Wakongo na Warundi wa Montreal wanaozungumza Kiswahili. Lakini Januari 1998 mvua ya barafu ilizivika nyaya ganda zito hadi minara ya chuma ikakunjika. Zaidi ya wateja milioni 1 walikosa umeme, wengine kwa wiki kadhaa, katikati ya baridi kali. Mwenye jiko la kuni alikuwa tajiri wiki zile.

Na Uholanzi? Ilikaa juu ya hazina kubwa ya gesi ya Groningen, iliyogunduliwa mwaka 1959. Hata hivyo, tangu Julai 2018, nyumba mpya nchini humo haziungwi tena kwenye gesi!

Hebu tupige hesabu ya chumba chako. Kina mita 4 kwa 3, dari mita 2.5. Kuipasha hewa yake peke yake kutoka nyuzi 5 hadi 20, hita ya wati 2,000 inahitaji dakika 5 tu, hata hazifiki! Basi kwa nini inawaka usiku kucha? Kwa sababu joto linanyonywa na kuta, linapita kwenye vioo na kutorokea chini ya mlango.

Mwaka 1991, mjini Darmstadt, Ujerumani, zilijengwa nyumba zilizozibwa vizuri kiasi kwamba kila mita 1 ya mraba inahitaji wati 10 tu siku ya baridi kali. Chumba cha mita 20 za mraba ni wati 200. Yaani wewe na mgeni wako mmoja mmekaa!

Themostati, ile inayozima hita chumba kikishapata joto, unajua imetoka kwa nani? Kwa mwalimu! Warren Johnson wa Wisconsin, Marekani, alipata hataza ya themostati ya umeme mwaka 1883, baada ya kuchoka kusubiri mhudumu wa shule aje kurekebisha joto la darasa.

Plagi ya Uingereza ni ile ile ya pini tatu bapa unayoijua Arusha na Kisumu. Fyuzi yake haizidi ampea 13, kwa hiyo hita ya kuchomeka haivuki wati 3,000 hivi. Ukitumia ekstensheni ya kuviringisha, ikunjue waya wote, maana ukiwa umejikunja unapata moto hadi kuyeyuka.

Na usiingize jiko la mkaa chumbani, iwe Leeds, Limuru au Makete. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hita ya umeme haitoi hewa hiyo hata chembe.

Nyumba ikiwa yako, funga pampu ya joto. Ukiwa umepanga, nunua hita ya bei rahisi yenye themostati, na pauni zilizobaki nunua pazia zito na kitambaa cha kuziba chini ya mlango, leo hii, kabla ya Novemba!