Dalili za Kupotoshwa Kiimani Huonekana Nyumbani Kwanza

Ndugu msomaji, mtu anapodanganywa kwa jina la dini, wa kwanza kuliona jambo hilo aghalabu si askofu wala si polisi. Ni mke anayeona kwamba mshahara haufiki tena nyumbani. Ni mama anayeona kwamba mwanawe haji tena kumjulia hali. Ni mwalimu wa darasa la tatu aitaye jina la mtoto asubuhi, na mtoto hayupo. Watu hao huona mapema, lakini wengi wao hunyamaza kwa kuogopa kuambiwa kwamba wanaingilia imani ya mtu.

Hofu hiyo ina heshima ndani yake. Kila mtu ana haki ya kuabudu apendavyo, na Katiba yetu, katika ibara ya 19, inaitambua haki hiyo. Hata hivyo, yaliyotokea katika nchi jirani zetu yanatufundisha kwamba ukimya umegharimu maisha ya watu wengi, na hasa ya watoto. Makala haya yanakusudia kueleza dalili ambazo mtu wa kawaida, asiyesomea theolojia, anaweza kuzitambua akiwa nyumbani kwake kabla mambo hayajaharibika.

YALIYOTOKEA KANUNGU

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, jengo la ibada liliteketea kwa moto likiwa na mamia ya watu ndani, wakiwamo watoto wengi. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba waumini hao walikuwa wamejiua kwa hiari yao. Lakini katika siku zilizofuata polisi walifukua makaburi ya pamoja katika nyumba nyingine za kundi hilo, wakakuta miili ya watu waliokuwa wameuawa kabla ya moto ule. Jumla ya waliokufa ilizidi 700.

Kundi hilo lilijiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Ni nani angeliogopa jina kama hilo? Nao viongozi wake hawakuwa watu wa kutiliwa shaka kwa kuwatazama tu. Joseph Kibwetere alikuwa mtu wa shule na siasa, aliyeheshimiwa kwao. Dominic Kataribabo alikuwa padri msomi, aliyepata masomo yake hata Marekani. Credonia Mwerinde alidai kwamba alikuwa akipokea maono ya Bikira Maria. Kundi lenyewe lilikuwa limeandikishwa serikalini.

Lakini tazama maisha ya ndani yalivyokuwa. Waumini waliuza mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Walikatazwa kuzungumza, wakawa wakielewana kwa ishara za mikono. Mume na mke walitenganishwa, na watoto wakawekwa mbali na wazazi wao. Wote waliambiwa kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku ile ilipopita na jua likachomoza kama kawaida, baadhi yao walianza kudai mali zao. Haikupita hata miezi mitatu, jengo likateketea.

MSITU WA SHAKAHOLA

Miaka 23 baadaye, mwezi Aprili 2023, dunia ilisikia habari za msitu wa Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Humo ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Na baadhi yao, wakiwamo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeanzisha kanisa lake la Good News International mwaka 2003, alifikishwa mahakamani mwaka 2024 kwa mashtaka yakiwamo ya mauaji, ugaidi na kuwatesa watoto, naye aliyakana.

Jambo la kuzingatia ni hili: njaa haikuwa mwanzo, bali mwisho. Kabla ya njaa kulikuwa na mafundisho kwamba shule ni mambo ya kishetani na kwamba mwamini wa kweli hana haja ya hospitali. Mwaka 2019, serikali ya Kenya ilipoanza kuandikisha watu kwa Huduma Namba, waumini waliambiwa kwamba hiyo ndiyo alama ya mnyama. Kisha wakaitwa kuhamia msituni, mbali na majirani na jamaa. Na tangu mwaka 2017 mhubiri huyo alikuwa amekwisha kukamatwa kuhusu watoto waliokuwa hawapelekwi shule. Yaani, miaka kama sita kabla ya makaburi, dalili zilikuwa wazi mbele ya macho ya watu.

Sasa linganisha habari hizi mbili. Wa Kanungu wengi wao walitoka katika Kanisa Katoliki, na mahubiri yao yalihusu maono ya Bikira Maria. Wa Shakahola walitoka katika makanisa ya uamsho, na mahubiri yao yalihusu siku za mwisho. Kwa mafundisho walikuwa mbalimbali kabisa. Lakini hatua zilizochukuliwa ndani ya nyumba zao zilikuwa zile zile: jamaa walikatwa, watoto waliondolewa chini ya ulinzi wa wazazi na walimu, mali ilikwenda, na mwenye kuuliza alinyamazishwa. Kwa sababu hiyo, anayengoja kusikia mafundisho ya ajabu ndipo ashtuke, huenda akachelewa. Yafaa atazame nyumba.

DALILI TANO

Ya kwanza ni kukatwa na jamaa. Mtu anaambiwa kwamba wazazi wake ni wa dunia, kwamba ndugu zake ndio wenye kumroga, kwamba asile kwao wala asihudhurie msiba wao. Kidogo kidogo anabaki bila mtu wa kumshauri isipokuwa wenzake wa kundi. Mume na mke nao wanaweza kuamriwa kuishi mbalimbali kwa muda usiojulikana, ingawa Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliwataka wanandoa wasinyimane isipokuwa kwa kupatana, tena kwa muda tu.

Ya pili ni kuzuiliwa dawa na shule. Kumwombea mgonjwa ni desturi ya Wakristo tangu mwanzo, wala haina madhara. Madhara huanza pale mgonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu au wa kifua kikuu anapoambiwa kwamba kumeza kidonge ni kukosa imani. Anayeishi na virusi vya Ukimwi akiacha dawa zake, virusi huongezeka tena mwilini hata kama yeye mwenyewe kwa wiki kadhaa anajiona mzima. Kiongozi mwaminifu humwambia mgonjwa: nenda ukapimwe, nasi tutakuombea. Na mtoto aliyeachishwa shule kwa sababu ya ibada ni dalili isiyohitaji kungoja ya pili.

Ya tatu ni mali. Sadaka na fungu la kumi ni mambo ya kawaida, na mwenye kutoa kwa moyo wake asilaumiwe. Lakini tofauti iko wazi kati ya mtu anayetoa sehemu ya kipato chake na mtu anayeagizwa auze kiwanja, cherehani au bati za nyumba na kuleta fedha zote kwa mtu mmoja asiyetoa hesabu. Injili ya Marko inaeleza jinsi Yesu alivyowakemea watu waliosema kwamba mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasipate kuwasaidia baba zao na mama zao. Fundisho hilo ni la zamani sana, na latosha kumjibu kila anayesema kwamba watoto walale njaa ili madhabahu ishibe.

Ya nne ni siku iliyotajwa. Kila mara kiongozi anapotaja tarehe ya mwisho wa dunia, lengo lake, akijua au asijue, huwa ni kuwaharakisha watu: uza sasa, hama sasa, usimwulize mtu. Injili yasema bayana kwamba siku hiyo haijulikani na mtu yeyote. Tena siku ikipita bila lolote kutokea, hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko yote, kama tulivyoona Kanungu, kwa kuwa ndipo watu wanapoanza kudai vyao.

Ya tano ni kukatazwa kuuliza. Watu wa Beroya, katika kitabu cha Matendo ya Mitume, walisifiwa kwa sababu walichunguza Maandiko kila siku ili wajue kama aliyowaambia Paulo ni kweli. Ikiwa mtume alichunguzwa, na wachunguzi wakasifiwa, basi ni nabii gani wa leo asiyepaswa kuulizwa? Kiongozi anayetisha wenye maswali kwa laana, au anayesema kwamba aliyofunuliwa yeye hayapimwi na mtu, amekwisha kujitangaza.

SI KILA KUNDI DOGO NI LA UPOTOVU

Hapa yatupasa tuwe waangalifu ili tusije tukawaonea watu. Kusali nyumbani, kukesha, kufunga kwa siku kadhaa, kuimba kwa sauti, kuacha pombe na kubadilisha marafiki si dalili za kudanganywa. Jumuiya ndogo ndogo zinazokutana uani jioni zimewasaidia wagonjwa na wajane wengi katika miji yetu. Kinyume chake, ukubwa wa jengo, cheo cha kiongozi au cheti cha Msajili wa Jumuiya si dhamana ya kutosha. Kundi la Kanungu, kama tulivyosema, lilikuwa na uandikishaji wake.

Tusiwadharau pia wanaovutwa. Mtu aliyehamia mjini bila ndugu, aliyeachishwa kazi, au aliyezunguka hospitali kwa miaka bila nafuu, anapopata mahali anapoitwa kwa jina lake na kushikwa mkono, atarudi kesho. Haja hiyo ni kubwa kweli. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Hawakuwa wajinga, walikuwa watu wenye shida waliotafuta nafuu. Mdanganyifu huanza kwa kujibu shida ya kweli, na ndiyo maana dharau haiwezi kumshinda.

LA KUFANYA

Ukiona dalili hizi kwa mtu wako, usianze kwa kumwambia kwamba amepumbazwa. Atarudi kundini na kueleza kwamba yale aliyotabiriwa kuhusu jamaa zake yametimia. Mwulize maswali kwa upole, moja moja. Je, fedha hizo hesabu yake husomwa na nani? Je, aliyeondoka katika kundi husemwaje? Je, mchungaji mwenyewe watoto wake wanasoma wapi, naye akiugua hutibiwa wapi? Swali humkaa mtu moyoni muda mrefu kuliko tusi.

Iwapo mali ya familia inataka kuuzwa, kumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Usitie sahihi kwa kuogopa laana. Omba muda, na umwite mzee wa ukoo au mtu mwingine mnayemwamini nyote wawili.

Lakini penye mtoto, upole una mpaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya chakula, matibabu na elimu, na imani ya mzazi haiiondoi haki hiyo. Mtoto anayefungishwa bila chakula, anayenyimwa dawa, au aliyetoweka shuleni pamoja na familia yake nzima, ni jambo la kupelekwa siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa ofisa wa ustawi wa jamii au katika dawati la jinsia na watoto kituoni. Ipo pia simu ya kuwasaidia watoto, namba 116. Huko Kenya, miongoni mwa waliotoa taarifa zilizowapeleka polisi Shakahola walikuwamo jamaa waliokuwa wakiwatafuta watu wao. Kelele zao ziliwaokoa baadhi waliokuwa wangali hai.

Mwisho, ndugu msomaji, fikiri juu ya siku ya kurudi. Wengi walio ndani ya makundi haya huwa wamekwisha kuona kasoro, ila hawajui waende wapi. Nyumba wameiuza, kazi wameiacha, na jamaa waliachana nao kwa maneno makali. Anayejua kwamba akirudi atachekwa ukumbini huona afadhali abaki, hata kama anabaki penye hatari. Kwa hiyo mpelekee habari za nyumbani hata asipojibu. Mjulishe shangazi akiugua, mjulishe mpwa akizaliwa. Na umwambie wazi kwamba kitanda chake kipo, na kwamba hataulizwa kiwanja kilikwenda wapi mpaka awe amekula na kulala.