Saitokromu C: Kibarua wa Umeme Mwilini

Sisi watu wa uhandisi tumezoea kuona umeme ni mambo ya nyaya na transfoma. Kumbe hata mwilini elektroni zinatembea, na zina mchukuzi wao: protini ndogo iitwayo saitokromu C.

Kazi yake ni hii. Ndani ya mitokondria, elektroni zinazotokana na chakula hupokezanwa kati ya mitambo mikubwa ya protini. Saitokromu C, yenye asidi amino 104 tu kwa binadamu, inabeba elektroni moja moja kutoka mtambo wa tatu hadi wa nne. Kinachoishika elektroni ni chembe ya chuma iliyo katikati yake. Mtambo wa nne unazikabidhi kwa oksijeni, yanatokea maji, na nishati iliyopatikana njiani inatengeneza ATP.

Maabara wanaipenda kwa sababu inabadilika rangi. David Keilin wa Cambridge alieleza jambo hilo mwaka 1925. Ikiwa imebeba elektroni, inameza zaidi mwanga wa nanometa 550. Basi unachukua saitokromu C iliyobebeshwa elektroni (nyingi inayouzwa hutoka kwenye moyo wa farasi), unaitia kwenye mitokondria, halafu unatazama mashine ya kupimia mwanga. Namba ikishuka haraka, mtambo wa nne ni mzima. Isiposhuka, kuna tatizo.

Halafu mwaka 1996 maabara ya Xiaodong Wang, chuo cha Emory huko Marekani, ilionyesha jambo lingine: protini hii ikivuja nje ya mitokondria, seli inaanza kujiua yenyewe. Ndiyo maana watafiti wa saratani huangalia imekaa wapi.

Sasa hili linatuhusu vipi? Sayanidi huziba mtambo wa nne. Saitokromu C inabaki na mzigo wake, haina pa kuutua. Oksijeni ipo, lakini seli haiwezi kuitumia. Na muhogo mchungu una sayanidi. Ukiliwa bila kutayarishwa vizuri, tena na watu wasiopata protini ya kutosha, unahusishwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliowahi kuzuka Kongo, Msumbiji na Tanzania.

Kwa hiyo bibi akisema muhogo uloweke siku kadhaa kabla ya kuuanika, jamani, tusimcheke. Hajawahi kuisikia saitokromu C, lakini anailinda.