Mgeni Aingilie Mlango Gani?



Kikundi kikitunza kanisa la zamani, swali huja upesi: wageni waingilie wapi, na walipe au wasilipe? Hebu tuangalie lilivyojibiwa katika kanisa kuu la Notre-Dame, mjini Paris, Ufaransa.

Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1163. Tarehe 15 Aprili 2019 moto uliteketeza paa lake, na likafunguliwa tena Desemba 2024. Kabla ya moto lilipokea watu kama milioni 12 kwa mwaka. Fikirini umati huo: huyu amepiga magoti, yule anapiga picha juu ya kichwa chake!

Zamani wageni waliingilia mlango wa pembeni. Sasa wanaingia kwa ule mkubwa wa katikati, na mbele yao kuna birika la ubatizo. Hata asiye Mkristo anaelewa bila kuambiwa kwamba hapa ni nyumba ya sala, siyo makumbusho. Halafu njia ni moja tu: unapanda kwa upande wa kaskazini, unazunguka nyuma ya altare, unateremka kwa upande wa kusini wenye mwanga zaidi. Wanaosali wanabaki katikati.

Sasa pesa. Oktoba 2024 Waziri wa Utamaduni, Rachida Dati, alipendekeza watalii walipe euro 5, zisaidie makanisa mengine ya zamani nchini. Wazo lenyewe si baya, maana paa halitengenezwi kwa maneno. Lakini Kanisa lilikataa, kuingia kukabaki bure, na mimi naona walifanya vizuri. Karani wa tikiti atamjuaje hujaji na mtalii? Atamwambia mama mzee aonyeshe rozari? Anayetaka kupanda minara au kuona hazina ya kanisa ndiye hulipa, tena kando.

Foleni nayo wameifikiria. Mtu anaweza kuchagua saa yake kwenye intaneti, bila malipo. Asiye na intaneti anapanga foleni na kuingia vilevile.

Iliyobaki ni kazi ya nje, ambako watu husimama juani wakingoja. Mwaka 2022 mji wa Paris ulimchagua Bas Smets, mtaalamu wa bustani kutoka Ubelgiji. Mpango wake ni miti zaidi, maji kidogo ya kupita juu ya mawe ya uwanja siku za joto kali, na ile gereji ya magari iliyo chini ya uwanja kugeuzwa mahali pa kupokelea wageni.