Tulioandika Kiswahili ugenini, tuzo zetu ziko wapi?

NINYI mnaovuka Mugina kwenda Manyovu kila wiki mnajua kwamba sokoni hakuna anayekuuliza Kiswahili chako umekitoa wapi. Ukitaja bei mnaelewana, biashara inakwenda. Kwenye uandishi mambo si hivyo, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Mimi ni mtoto wa waliokimbia mwaka 1972. Nilizaliwa Katumba, nikajifunza insha na ngonjera katika shule za Tanzania. Tuliporudi Burundi mwaka 2008 nilikuta Kirundi na Kifaransa ndizo lugha za shule na ofisi. Nimejifunza, na sasa nafundisha Kiswahili hapa Nyanza-Lac. Miongoni mwa walimu wenzangu na wanafunzi wangu wa zamani wapo wenye madaftari yaliyojaa mashairi na hadithi. Swali lao ni moja: mwalimu, niyapeleke wapi?

Nyumbani zimekuwapo juhudi za kupongezwa. Bujumbura waandishi walianzisha baraza lao, Samandari, na likaanzishwa shindano la hadithi fupi lenye jina la Michel Kayoya, padri na mwandishi aliyeuawa mwaka 1972, mwaka uleule waliokimbia wazazi wetu. Roland Rugero alitoa riwaya yake Baho! mwaka 2012, na mwaka 2016 ikatoka kwa Kiingereza. Lakini riwaya hiyo iliandikwa kwa Kifaransa, na shindano hilo nalo ni la Kifaransa. Aliyesomea Mishamo au Ulyankulu anabaki mlangoni.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilianza kutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mwaka 2023. Hiyo ni ya Watanzania, na sina ugomvi nayo. Kila nchi hutuza watu wake. Ila tazama: ndugu wawili waliokaa dawati moja Katumba, aliyechukua uraia ana pa kushindania, aliyerudi hana.

Iliyotufaa zaidi ni tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Yenyewe iliangalia lugha, si pasipoti. Zawadi zote zilifika dola 15,000. Mwaka 2015 alishinda Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya Penzi la Damu, na katika ushairi Mohammed Khelef Ghassani, Mzanzibari anayefanya kazi Ujerumani, kwa diwani yake N'na Kwetu. Jina la pili la diwani hiyo ni Sauti ya Mgeni Ugenini. Warejeaji wangapi hawana cha kusema juu ya hilo?

Tatizo ni masharti. Riwaya ilitakiwa isipungue maneno 50,000, nayo yachapwe kwa kompyuta. Mwenzangu mmoja ana riwaya ya maisha ya makazini, madaftari saba. Steshenari wanachapa kwa kurasa na kutoza kwa kurasa. Hadi sasa ameweza madaftari mawili tu. Ana watoto watano na mshahara wa mwalimu.

Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na Tume ya Kiswahili ipo Zanzibar. Ningependa kuona Jumuiya inaweka shindano la hadithi fupi kwa raia wa nchi zote wanachama, linalopokea hata kazi ya mkono. Kurasa kumi za daftari zinatosha kumtambua mwandishi.

Na ninyi wafanyabiashara mna kazi. Mchapishaji hatoi kitabu kisicho na mnunuzi. Katika furushi la vitenge hakikosi kinafasi cha riwaya moja. Shuleni kwetu tuna rafu ya vitabu vya kuazima, na vingi vimepita mpakani kwa njia hiyo. Mwezi uliopita mama mmoja muuza vitenge aliagiza Dar es Salaam kupitia Kigoma, akatuletea Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022. Gurnah naye aliondoka Zanzibar akiwa mkimbizi. Wanafunzi kumi na wawili wameshaandika majina kwenye foleni ya kuiazima. Mama mwenyewe ni wa tatu.