Kwa Nini Perege Hufa Alfajiri?



Pembezoni mwa Dar es Salaam visima vingi hutoa maji ya chumvi. Wenzetu wa Temeke na Kinondoni wanalijua jambo hili. Maji hayo hayafai kwa chai, na mchicha ukimwagiliwa hunyauka. Lakini yanaweza kufugia samaki. Perege wa asili wa mito yetu ya Rufiji na Wami huvumilia chumvi. Tena perege hana makuu. Chakula chake kikubwa ni vijimea vidogo sana vinavyoota majini na kuyafanya maji yawe ya kijani.

Mama mmoja wa Chamazi, mhitimu wa kisomo, alichimba bwawa dogo nyuma ya nyumba yake. Masika yalipopiga, asubuhi moja alikuta perege wakubwa wanaelea, wamekufa. Nilifika kwake siku hiyo hiyo.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Hii ni sumu. Jirani yangu ana kijicho. Nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa sasa hivi."

"Subiri kwanza mama. Wale wadogo nao wamekufa?"

"Wadogo wazima. Na vyura wanalia kama kawaida."

"Juzi na jana hali ya hewa ilikuwaje?"

"Mawingu tu, jua hatukuliona. Nami nilimwaga debe zima la samadi ya kuku, nikaongeza pumba, wanenepe."

Basi, tukakaa kivulini tukalichambua jambo hili.

Kijani ni chakula, kijani ni hatari

Samaki huvuta hewa kama sisi, ila yeye huivuta kutoka majini. Hewa hiyo huitwa oksijeni. Mchana, jua likiwaka, vijimea vya kijani hutengeneza oksijeni na kuitoa majini. Usiku havitengenezi. Usiku navyo huvuta oksijeni ile ile wanayovuta samaki. Kwa hiyo akiba hupungua usiku kucha, na huwa ndogo kabisa kabla ya jua kuchomoza.

Vijimea vikiwa vya kiasi, akiba hutosha mpaka asubuhi. Vikizidi, haitoshi. Mawingu yakiwapo, hata mchana akiba huwa ndogo. Na samadi ikizidi huoza, na kuoza nako hula oksijeni. Samaki wakubwa huhitaji hewa nyingi, hivyo mara nyingi wao hufa kwanza.

Sumu haichagui hivyo. Mara nyingi huua hata wadogo, na vyura na wadudu wa majini pia. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilitaka kumwonea mwenzangu bure."

Pima kwa mkono wako

Huna haja ya chombo cha kununua. Inama ukingoni, zamisha mkono polepole mpaka maji yafike kiwikoni, huku ukitazama kiganja.

1. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwikoni, ukijani unatosha.
2. Kikipotea mapema, ukijani umezidi. Acha kutia samadi.
3. Kikiendelea kuonekana hata kiwiko kikizama, ukijani ni haba. Ongeza samadi kidogo.

Angalia vizuri: kipimo hiki ni cha maji ya kijani. Maji ya tope hayapimiki hivyo.

Dalili na huduma ya kwanza

Amka alfajiri utazame bwawa. Ukiona perege wamekuja juu, wanapanuapanua midomo, ujue wanakosa hewa. Fanya haya upesi:

Kwanza, usiwape chakula wala usitie samadi.

Pili, teka maji ya bwawa kwa ndoo, inua juu, uyamwage tena bwawani. Rudia mara nyingi. Maji yanayoanguka huchukua hewa.

Tatu, punguza maji mabovu, kama theluthi moja, uongeze mapya. Ya kisima nayo yamwage kutoka juu, kwa sababu yanaweza kuwa na hewa kidogo. Ya bomba usiyamwage papo hapo, kwa kuwa yana dawa ya klorini. Yaache wazi juani siku 2 kwanza.

Kinga ni bora kuliko tiba

Usijaze samaki. Kila mita moja ya mraba iwe na perege 2 au 3 tu. Perege huzaa upesi, kwa hiyo vua na kula wanaozidi.

Walishe pumba kama saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, si usiku. Wape kiasi wanachomaliza. Pumba inayobaki huoza.

Vifaranga waliozoea maji baridi usiwatupe ghafla katika maji ya chumvi. Waongezee chumvi kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Zungushia bwawa ua imara. Mtoto anaweza kuzama hata katika maji machache. Fyeka majani ya ukingoni, mbu wasipate maficho.

Kabla ya kuchimba, mwone Bwana Samaki, yaani Afisa Uvuvi wa manispaa yako. Atakuonyesha mahali pa kupata vifaranga wazuri. Serikali inacho kituo cha ufugaji samaki huko Kingolwira, Morogoro.

Yule mama hakwenda kwa mwenyekiti. Alikwenda kwa jirani, wakaja wote wawili kumwaga maji kwa ndoo. Wale perege wadogo waliobaki ndio alioanza nao upya.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini oksijeni ya bwawa huwa ndogo kabla ya jua kuchomoza?
2. Ni dalili zipi zilionyesha kwamba perege wa mama hawakuuawa kwa sumu?
3. Bwawa lina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4. Ukiweka perege 2 kwa kila mita ya mraba, utahitaji wangapi?