Ree mbili mkononi: karata bora kabisa, na bado unaweza kupoteza

Kama umewahi kupanda treni ya Mpanda kwenda Tabora, unajua safari ile ilivyo ndefu. Kabla hamjafika Kaliua, mtu ameshatoa karata mfukoni, begi limegeuzwa meza na wanne wamelizunguka. Mmoja akigawiwa tu, anatabasamu: "Leo mtanikoma!" Bado hajacheza hata karata moja. Sasa amejuaje?

Hebu tujibu kwa hesabu. Tutatumia poka, ile aina iitwayo Texas Hold'em ambayo vijana wengi wanaicheza kwenye simu. Kila mchezaji anapewa karata 2 za siri. Baadaye zinafunuliwa 5 mezani, za wote: kwanza 3, kisha 1, kisha 1 ya mwisho. Mwenye mkono bora wa karata 5 kati ya hizo 7 anabeba hela. Lakini uamuzi mkubwa unakuja mapema, ukiwa na zile 2 tu: utupe, ufuate dau, au ulipandishe?

Tuhesabu

Kwenye karata 52, mikono ya karata 2 inayowezekana ni 52 × 51 ÷ 2 = 1,326. Mkono bora kuliko yote ni ree mbili (wengine husema A mbili). Ree ziko 4, kwa hiyo unaweza kupata jozi hiyo kwa njia 6 tu. 6 kwa 1,326 ni sawa na mara 1 katika 221. Jozi yoyote, hata ya mbili mbili, inakuja mara 1 katika 17.

Anayeanza anaweza kushika orodha fupi: jozi kuanzia kumi kumi kwenda juu, ree na kingi, ree na kwini. Ukijumlisha njia zote unapata 62, yaani wastani wa mara 1 katika 21. Umeona? Ukifuata orodha hii, utatupa karata karibu mara 20 ndipo ucheze mara moja. Kucheza vizuri, kwa sehemu kubwa, ni kukaa na kutazama wenzako wakicheza. Ukiwa wa mwisho kuamua unaweza kulegeza orodha kidogo, kwa sababu umeshaona wengine wamefanya nini.

Vipi karata mbili za aina moja, mfano zote kopa? Watu huzipenda kupita kiasi. Ree na kingi za aina tofauti humshinda mpinzani mmoja mwenye karata zozote karibu mara 65 katika 100. Zikiwa za aina moja, inakuwa 67. Ni nyongeza ndogo tu.

Nguvu inategemea mko wangapi

Hapa ndipo wengi wanateleza. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja hushinda karibu mara 85 katika 100. Dhidi ya watano wasiotupa karata, ni karibu 49. Dhidi ya tisa, ni karibu 31. Karata ni zile zile, ila kila anayebaki mezani ana nafasi yake ya kuokolewa na zile 5 za katikati.

Je, ina maana wengi wakibaki unapata hasara? Hapana. Tuseme kila mtu ameweka shilingi 1,000 na mmefika mwisho. Mkiwa wawili, wastani wako ni 85% ya 2,000, yaani 1,700. Mkiwa sita, ni 49% ya 6,000, yaani 2,940. Unashinda mara chache zaidi, lakini kwa wastani unapata zaidi. Ndiyo maana mwenye ree mbili anapandisha dau: anataka hela iingie wakati yeye yuko mbele.

Sasa geuza upande wa pili. Miongoni mwa mikono dhaifu kabisa dhidi ya mtu mmoja ni saba na mbili za aina tofauti, na bado unamshinda mwenye karata zozote karibu mara 35 katika 100. Kwa hiyo jamaa akicheza ovyo halafu akashinda, usiseme anajua. Na wewe ukicheza sawasawa ukapoteza, usibadilishe njia kwa sababu ya usiku mmoja. Uamuzi unapimwa kwa ulichokijua ulipoamua.

Kabla hujaweka hela

Tanzania, michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Lakini hesabu yenyewe ina onyo lake. Wastani unafanya kazi ukicheza mara nyingi kwa dau dogo. Chukua mkulima wa huku Katavi aliyelipwa hela ya tumbaku, malipo ya msimu mzima. Akiiweka yote mara moja, hata akiwa na ree mbili dhidi ya mtu mmoja, ana nafasi karibu 1 katika 7 ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Na huo ndio mkono bora uliopo.

Kwenye dubwi hali ni mbaya zaidi. Pale huna karata ya kutupa wala mpinzani wa kumsoma, na mashine imepangwa imfaidishe mwenye nayo. Mkono mzuri wa kuanzia pale ni mmoja tu: kupita bila kusimama.